Sasa nimpe nini?

Mwezi wa saba mjini Njombe watu huingia duka la dawa muhimu wakiwa wamejitanda mablanketi, na wengi wao huwa wamekuja kwa shida ileile: pua zimeziba, koo linawasha, kifua kinabana. Jioni moja mbele yangu alikuwa amesimama mama kijana, mtoto mgongoni, akaomba amoksilini ya maji. Muuzaji alimuuliza maswali mawili matatu kuhusu homa na kunyonya, akaridhika kwamba ni mafua ya kawaida, na akakataa kumuuzia. "Hii haisaidii mafua, mama. Mkamulie ndimu kwenye asali, umpe kijiko asubuhi na jioni. Vitu vya asili havina madhara."

Nilipomsikia akikataa kuuza antibayotiki nilitaka kumpongeza, kwa maana ni wachache wanaokubali kupoteza mauzo namna hiyo. Kisha nikamuuliza yule mama mtoto ana umri gani, naye akajibu kwamba ametimiza miezi saba. Nikamweleza kwa sauti ya chini, ili muuzaji asiaibike, kwamba mtoto ambaye hajafikisha mwaka hapewi asali, jambo ambalo muuguzi wa kliniki alinisisitizia nilipokuwa nalea kifungua mimba wangu. Muuzaji alinisikia, hakubisha. Yule mama alimtazama muuzaji, akanitazama mimi, akaikaza khanga iliyomfunga mtoto, akauliza:

"Sasa nimpe nini, dada?"

Alikuwa amenyimwa dawa ya dukani, kwa haki. Alikuwa amenyimwa asali, kwa haki pia. Mtoto alikuwa anakoroma kwa kuziba pua na giza lilikuwa linaingia. Nilimwambia amnyonyeshe mara nyingi zaidi na amfunike vizuri, akaitikia kwa adabu ya mtu anayeona kwamba hajaambiwa kitu, akaenda zake.

Swali lile limenikaa rohoni kwa wiki kadhaa. Katika mazungumzo yetu kuhusu dawa za nyumbani, upande mmoja wamekaa wanaoamini kwamba kilichoota ardhini hakiwezi kumdhuru mtu, na upande wa pili wamekaa wanaocheka kila kitu kilichochemshwa kwenye sufuria. Mama mwenye mtoto anayekoroma hapati msaada upande wowote.

Blanketi na sufuria

Kwetu, dawa ya kwanza ya mafua ilikuwa kujifukiza. Mama alimtuma mtoto mmoja akachume majani ya mkaratusi, mwingine majani ya mpera, akayachemsha pamoja na mchaichai na maganda ya limau hadi nyumba nzima ikanukia, kisha akaitua sufuria sakafuni mbele ya kigoda. Mgonjwa alikaa, akainama, akafunikwa blanketi kutoka kichwani hadi miguuni, na yeye mwenyewe ndiye aliyefunua kifuniko kidogo kidogo kutoka ndani. Dakika za mwanzo mvuke unachoma puani na machozi yanatiririka. Baadaye jasho linaanza mgongoni, nguo inagandamana na ngozi, kamasi zinalegea, na mtu anatoka humo amelowa chapachapa, anafutwa kwa khanga kavu na kupelekwa moja kwa moja kitandani asije akapigwa na upepo.

Sikumbuki mtu aliyetoka chini ya blanketi lile akasema hajisikii nafuu.

Ndiyo maana nilitatizika niliposoma mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyohuishwa mwaka 2017, ambayo yalikusanya majaribio ya kuwavutisha wagonjwa wa mafua hewa ya moto yenye unyevu. Hayakuona faida ya kuaminika. Nilikaa na matokeo hayo nikiwa na ubishi wa mtoto wa nyumbani: majaribio yale yalitumia kifaa maalumu kinachopeleka mvuke puani, hayakutumia majani, hayakutumia blanketi, na hakukuwa na mama aliyesimama pembeni akiuliza kama jasho limeshatoka. Bado naona ubishi huo una uzito fulani. Lakini unakata pande zote mbili, kwa sababu kifaa cha maabara hakipinduki, na sufuria iliyowekwa sakafuni, mbele ya mtu aliyefunikwa macho, hupinduka.

Madaktari wa majeraha ya moto nchini Uingereza wameandika mara kadhaa kuhusu watoto waliounguzwa na maji yaliyochemshwa kwa nia ya kuwatibu mafua. Maji ya nyuzi 70 huunguza ngozi kwa muda usiofika sekunde moja, na maji yaliyotoka jikoni sasa hivi huwa na joto zaidi ya hilo. Mtoto wa miaka mitatu akishtushwa na giza na mvuke hujitupa, na anapojitupa mguu wake unajua mahali pamoja tu pa kwenda.

Nilipomwambia mama haya, alinijibu kwa swali ambalo nililitarajia: "Ninyi nyote mlipita humo. Nani aliungua?"

Hakuna aliyeungua. Ni swali la haki, na sikulijibu kwa haraka, kwa kuwa hatari ya namna hii haionekani ukitazama nyumba moja; inaonekana ukiwa muuguzi wa wodi ya majeraha, unayeletewa watoto kutoka nyumba zote. Tulikubaliana hivi: yeye ataendelea kujifukiza apendavyo, akiwa ameketi mezani na bakuli pana badala ya sufuria ya sakafuni, na wajukuu hawataingizwa chini ya blanketi. Alikubali sehemu ya wajukuu. Ya bakuli bado anaiona kuwa mambo ya mjini.

Pua inayohisi imefunguka

Kilichonibadilisha mawazo kilitoka kwenye kichupa cha dawa ya kuchua.

Kila nyumba ninayoijua ina dawa ya kuchua yenye mentholi, ya kopo la buluu au ya kichupa kidogo cha Kichina, na kila mtu anajua kwamba ukiipaka kifuani au chini ya pua, pua inafunguka. Profesa Ron Eccles, ambaye kwa miaka mingi aliongoza kituo cha utafiti wa mafua katika Chuo Kikuu cha Cardiff, aliwapima watu waliovuta mentholi kwa kifaa kinachopima hewa inavyopita puani. Watu walisema pua zimefunguka. Kifaa kilisema hewa inayopita ni ileile. Mentholi huamsha vipokezi vya ubaridi vilivyomo kwenye ngozi ya pua, vilevile vinavyoamka tunapovuta hewa baridi ya alfajiri, na ubongo unapopata taarifa hiyo huamini kwamba njia iko wazi.

Mwaka 2008 kituo hichohicho kilichapisha jaribio dogo la watu 30 wenye mafua, waliopewa kinywaji cha matunda, wengine cha moto na wengine cha joto la chumba. Hapo pia upitaji wa hewa haukubadilika. Lakini waliokunywa cha moto walisema kikohozi, kupiga chafya, maumivu ya koo, baridi ya mwili na uchovu vimepungua papo hapo, na nafuu hiyo ikaendelea baada ya kikombe kwisha.

Mara ya kwanza niliyasoma haya kama habari ya kudanganywa. Pua inadanganywa, koo linadanganywa, na sisi tumekuwa tukiita udanganyifu huo dawa.

Siku chache baadaye nilipatwa na mafua mwenyewe, na saa nane za usiku nikiwa nimeketi kitandani nikipumua kwa mdomo, niliona kwamba nilikuwa nimeliuliza swali vibaya. Mafua ya kawaida husababishwa na virusi, vya aina zaidi ya 100, na mwili hujitibu wenyewe ndani ya siku saba hadi kumi, unywe tangawizi au usinywe. Hakuna kitu dukani kinachoviua virusi hivyo, na antibayotiki haiwezi kwa sababu kazi yake ni bakteria. Ugonjwa unaondoka wenyewe. Kinachobaki kutafutiwa dawa ni usiku ule, koo lile, na ule uchovu wa kutopata usingizi. Na kama kikombe cha chai ya tangawizi kinaniwezesha kulala, sioni sababu ya kukiomba kitu kingine zaidi.

Tangu hapo nimekuwa nikiipima kila dawa ya nyumbani kwa maswali mawili tu. Je, inamtuliza mgonjwa? Je, inaweza kumdhuru mwenye umri huu na hali hii? La pili ndilo tunaloliruka tunaposema "asili".

Asali, kwa wanaoruhusiwa

Katika dawa zote za jikoni, asali ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko zote, na nafurahi kusema kwamba mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 kuhusu asali na kikohozi cha watoto yaliongozwa na mtafiti kutoka Nigeria, Olabisi Oduwole. Walikusanya majaribio sita yenye watoto 899 wa umri wa kuanzia mwaka mmoja. Asali ilituliza kikohozi kuliko kutompa mtoto chochote, na haikuachwa nyuma sana na dawa ya kikohozi inayouzwa sana madukani. Mwaka huohuo taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza ilianza kuitaja asali kama jambo la kwanza la kujaribu kwa kikohozi cha muda mfupi, kabla ya kufikiria antibayotiki. Bibi zetu wangecheka.

Kijiko kimoja kabla ya kulala kinatosha. Kukimumunya polepole ni bora kuliko kukikorogea katika lita ya maji, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kulipaka koo.

Shida yetu ni kuipata asali yenyewe. Kila chupa ya barabarani huitwa "asali ya Tabora", hata ile iliyozaliwa kwenye sufuria ya sukari, na wanunuzi wamebuni vipimo: wengine huchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha, wengine hudondosha tone kwenye maji au karatasi. Vipimo hivi vinapima zaidi kiasi cha maji kilichomo, na sharubati nzito ya sukari huvipita bila taabu. Kinachosikitisha ni kwamba watu huikataa asali halisi kwa sababu imeganda chini ya chupa, ilhali kuganda ni tabia yake, na chupa ikiwekwa kwenye maji ya vuguvugu hurudi kuwa laini. Mimi nanunua kwa mfugaji nyuki ninayemjua, na sina kipimo kingine.

Kuhusu mtoto mchanga, sababu ya katazo ni mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambazo huweza kuwamo kwenye asali safi kabisa. Tumbo la mtu mzima huzizuia zisiote. Tumbo la mtoto ambaye hajatimiza mwaka bado halijawa na ulinzi huo. Mbegu zinaota ndani yake na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto huanza kwa kukosa choo, kilio kinakuwa dhaifu, shingo inalegea, ananyonya bila nguvu, na hatimaye misuli ya kupumulia inashindwa. Ni ugonjwa wa nadra, na sitaki mama aliyewahi kumpa mwanawe asali asome hapa akakosa usingizi. Hata hivyo inafaa ijulikane kwamba kuichemsha asali kwenye uji au chai hakusaidii, kwa sababu mbegu hizo hustahimili maji yanayochemka.

Mtoto wa miezi saba

Sasa nirudi kwenye swali nililoulizwa, kwa kuwa lina jibu, na jibu lake ni refu kuliko nilivyofikiri nikiwa pale dukani.

Shirika la Afya Duniani lina kitabu cha mfukoni kuhusu huduma za watoto hospitalini, ambacho sehemu yake kuhusu kikohozi na mafua ni fupi na inaeleweka na mtu yeyote. Kinasema mtoto apewe kitu salama cha kutuliza koo, kama kinywaji cha vuguvugu chenye utamu, na kwamba kabla ya kunyonya pua isafishwe kwa kitambaa kilicholowekwa maji, kikasokotwa ncha kama utambi. Nilipokisoma kipande hicho nilisimama. Mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua; pua ikiziba hawezi kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja, hivyo anaacha ziwa, analia, anakaukiwa maji, na kamasi zinazidi kuwa nzito. Kitambaa laini, safi, chenye ncha, dakika moja kabla ya kunyonya, kinavunja mzunguko huo wote. Matone ya maji ya chumvi yanayouzwa dukani hufanya kazi hiyohiyo kwa mwenye fedha.

Maziwa ya mama yenyewe ni dawa ya koo, na kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi sita ndiyo peke yake. Wa miezi saba anaweza kuongezewa maji ya vuguvugu yaliyochemshwa na uji mwepesi, kidogo kidogo, mara nyingi. Homa ikiwa kali na mtoto anahangaika, parasetamoli ya watoto kwa kipimo cha uzito wake. Nyumba isiwe na moshi: jiko la mkaa linaloingizwa chumbani ili kupasha joto, jambo la kawaida sana katika nyanda zetu za juu, linaumiza kifua cha mtoto na linaweza kuiua familia nzima kwa hewa yake.

Kitabu hichohicho kinaorodhesha visivyotakiwa: antibayotiki kwa mafua tu, dawa za kikohozi zenye kodeini au pombe, na matone ya pua yenye dawa. Marekani ilionya mwaka 2008 kwamba dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa bila cheti zisipewe watoto walio chini ya miaka miwili. Kwa upande wa jikoni orodha yangu ingekuwa hivi: dawa za kuchua zenye mentholi na kafuri zisipakwe watoto wa umri huohuo, achilia mbali kuwalambisha, mafuta au samli yasidondoshwe puani, kwa sababu huteleza hadi kwenye mapafu na kuyachoma, na mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto mchanga, kwani yameshawasababishia watoto degedege na vifo. Mwarobaini nao ni wa asili.

Kisha kuna jambo ambalo hatukufundishwa nyumbani, na ambalo sasa nalihesabu kuwa sehemu ya tiba za nyumbani kwa haki zote: kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, unamfunua tumbo na kuhesabu linavyopanda kwa dakika moja kamili. Wahudumu wa afya hutumia viwango hivi: pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni kupumua kwa haraka, na huenda ni nimonia. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, hapo hakuna cha kuchemsha. Ni kituo cha afya, usiku huohuo.

Simu zetu zote zina saa. Kuhesabu pumzi hakuhitaji hata kitambaa.

Tangawizi ilipopewa kazi nyingine

Siwezi kuandika kuhusu mambo haya nchini Tanzania nikaruka mwaka 2020 na 2021, miaka ya korona, wakati kujifukiza kulipotoka vyumbani kukaingia kwenye taarifa ya habari. Wasomaji mnakumbuka. Ndege ilitumwa Madagaska mwezi Mei 2020 kuchukua dawa ya mitishamba. Mwanzoni mwa Februari 2021 Waziri wa Afya wa wakati huo, Dkt. Dorothy Gwajima, alisimama mbele ya kamera akaonyesha jinsi ya kusaga tangawizi, vitunguu, malimau na pilipili, na katika mkutano huohuo akasema nchi haina mpango wa kupokea chanjo ya korona. Bei ya tangawizi na malimau sokoni tuliijua sote.

Nimewasikia wengi wakisema baadaye kwamba tuliaibishwa na malimau. Mimi sikubaliani. Kinywaji kile, kwa mtu mzima mwenye koo linalowasha, ni kizuri kama kilivyokuwa kwa bibi yangu. Kilichoharibika ni kazi kiliyopewa. Kilitakiwa kutuliza koo, kikapewa kazi ya kukinga na kutibu, na mbaya zaidi, kikawekwa kwenye mizani dhidi ya chanjo kana kwamba mtu analazimika kuchagua kimoja. Julai 28, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, na chanjo ikaanza kutolewa nchini. Watu niliofuatana nao kuchanjwa walikuwa na chupa zao za tangawizi kwenye mikoba.

Kutuliza na kuzuia ni mambo mawili, na katika kuzuia ndipo jikoni panapotuangusha. Vitamini C ya kila siku, kwa mujibu wa mapitio ya mwaka 2013, haiwazuii watu wa kawaida kupata mafua. Inafupisha kidogo tu muda wa kuumwa, kwa takribani asilimia 8 kwa watu wazima, na anayeianza baada ya kuugua haonekani kupata faida ya uhakika. Kitunguu saumu kina jaribio moja la kueleweka, lenye watu 146, ambamo waliokitumia kwa wiki 12 walipata mafua mara 24 dhidi ya mara 65 za wenzao. Ni matokeo ya kuvutia, lakini ni jaribio moja tu, na anayetumia dawa za kuyeyusha damu aongee na daktari wake kabla ya kuanza kutafuna punje kila asubuhi. Kusukutua koo kwa maji matupu kulipunguza maambukizi ya njia ya hewa kwa asilimia 36 katika utafiti wa Japani wa mwaka 2005, na hilo nimelianza, kwa sababu ni bure na halina ladha.

Kikohozi kisipokoma

Sehemu hii ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuiandika.

Mafua yakiisha, kikohozi hubaki nyuma, na kinaweza kukaa wiki mbili hata tatu, mara nyingi bila ubaya wowote. Lakini familia haina subira hiyo. Asali imetolewa, mkaratusi umechemshwa, mtoto bado anakohoa usiku, na ndipo shangazi mmoja anaposema kwamba ana kimeo. Kutoka hapo hatua ni fupi hadi kwa fundi anayekata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia mwishoni mwa kaakaa, kwa wembe au kwa kifaa cha chuma, bila ganzi, mtoto akiwa ameshikiliwa na watu wawili. Madaktari wetu wamelionya jambo hili kwa miaka: mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, wengine wanafariki, na kikohozi hakikuwa na uhusiano wowote na kimeo tangu mwanzo. Kilikuwa nimonia, pumu, au mafua yaliyokuwa yanaelekea kuisha.

Nalitaja kwa sababu sidhani kwamba wazazi hao ni wakatili au wajinga. Wamefanya kila walichofundishwa, hakikutosha, na hakuna aliyewaambia kwamba dawa ya nyumbani ina mwisho wake, wala mwisho huo uko siku ya ngapi. Tunarithishana mapishi bila tarehe.

Kwa watu wazima tarehe hiyo ipo, imeandikwa kwenye mabango ya vituo vya afya nchi nzima, na tunapita mbele yake: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, nenda ukapime kifua kikuu. Tanzania ilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Kupima makohozi ni bure na dawa ni bure.

Mjomba wangu, fundi mwashi, alikohoa tangu mavuno hadi mvua za kwanza. Alikuwa na nidhamu ya chai yake: tangawizi mbichi iliyopondwa, karafuu mbili, asali, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kuoga. Koo lilitulia kila alipokunywa, na utulivu huo ndio uliomfanya aendelee kusubiri. Kukonda kwake kulisingiziwa kazi za juani, na jasho la usiku likasingiziwa blanketi jipya. Hakuna mtu aliyekuwa akimdanganya, na hata chai haikumdanganya; ilifanya kazi yake sawasawa kila siku, ikaficha kikohozi kilichokuwa na habari ya kusema. Aliyemtoa ndani ni mkewe, aliyemwambia kwamba hatapika tena chai hiyo hadi aone karatasi ya majibu.

Majibu yalikuja na kifua kikuu. Akapewa vidonge vya miezi sita na kadi ya kliniki. Siku ya kwanza alimuuliza muuguzi kama itabidi aache tangawizi. Muuguzi alimuuliza anaamka saa ngapi, akaandika kwenye kadi saa ya kumeza vidonge, akamrudishia, kisha akamwambia chai anywe muda wowote apendao, ila wanaolala chumba kimoja naye aje nao kesho wapimwe.